Mchoma Mbuzi Kwenye Sherehe ya Mwanawe

Watu walimwita Mzee Majivu, na jina hilo halikumkera. Kwa miaka thelathini alikuwa akichoma mbuzi wazima kwenye harusi na sherehe za watu, hadi majivu yakamganda kwenye nyusi. Kwa kazi hiyohiyo alimsomesha mwanawe wa pekee. Sasa kijana amepandishwa cheo, amekuwa meneja, na ameandaa sherehe nyumbani kwake.

Kijana alimpigia simu baba yake na, tuseme haki, alimwambia vizuri. "Baba, wewe njoo ukae tu. Mtu wa kuchoma tumeshampata."

"Mtu gani? Hao wanaounguza nje huku ndani nyama ni mbichi? Sherehe ya mwanangu, mbuzi achomwe na mtu baki? Nitachoma mwenyewe."

Basi hapo ndipo alipojikaanga kwa mafuta yake. Mkewe alimwonya: "Baba watoto, ukienda na visu utapewa kazi. Vaa koti lako, uende kama mzazi." Lakini sikio la kufa halisikii dawa. Koti alilikunja akalitia kwenye mfuko mmoja na visu. Atalivaa kazi ikiisha, aketi meza kuu, mwanawe asimame mbele ya wakubwa zake aseme, huyu ndiye baba yangu. Hilo tu ndilo alilolitaka, wala hakuwa na haja ya jingine.

Saa mbili asubuhi alikuwa ameshawasha moto nyuma ya nyumba. Mbuzi mzima hataki papara. Makaa hayawekwi chini ya tumbo, yanatandazwa pembeni, mengi upande wa mapaja na mabega, ili mafuta yadondoke mchangani. Yakidondokea kwenye makaa, moto unaruka na nyama inakuwa nyeusi. Unageuza chuma alichotungwa mbuzi, unampaka maji ya chumvi na ndimu, unageuza tena. Hata chooni huendi kwa raha. Kufika saa tisa mchana shati lilikuwa limelowa chapachapa na macho yamekuwa mekundu, lakini mbuzi, jamani, alikuwa ameiva mpaka mifupa inaachia yenyewe.

Wageni wakafika na viatu vyao vinavyong'aa. Mkurugenzi, bosi wa kijana, mtu mnene mwenye kicheko kikubwa, alifuata harufu hadi nyuma ya nyumba, mwenyeji wake akiwa pembeni. Mzee Majivu akafuta mikono upesi kwenye aproni. Alijua sasa ndiyo saa yenyewe.

Mkurugenzi akaonja kipande cha ubavu, akafumba macho. "Huyu mzee umemtoa wapi?"

Kijana aliitazama ile aproni, akavitazama viatu vya baba yake vilivyojaa masizi. "Ni mtu wa kwetu," alisema. "Kuchoma anajua. Nitakupa namba yake."

Mtu wa kwetu! Kweli asante ya punda ni mateke. Miaka yote ile mzee amekula moshi na kukohoa usiku kucha ili mtoto asirudishwe nyumbani kwa ajili ya ada, leo amekuwa mtu wa kwao, wa kupeana namba kama fundi bomba. Na kilichomuuma kuliko vyote, kijana alilisema bila hata kubabaika. Mzee alitamani kumwaga mbuzi mzima kwenye mchanga. Hakumwaga. Nyama haikuwa na kosa, akaendelea kukata.

Mkurugenzi naye alikuwa mtu wa mazungumzo. "Mzee wangu, watoto unao?"

"Ninaye mmoja."

"Anafanya kazi wapi?"

"Ofisini. Juzi tu wamempa umeneja." Mzee akakata paja taratibu, akamwekea mgeni kwenye sahani. "Leo ana sherehe. Nimekuja kumchomea mbuzi."

Mkurugenzi akaacha kutafuna. Akageuka kumtazama mwenyeji wake, na hakucheka.

"Baba," kijana alisema, kwa sauti ndogo, mbele ya bosi wake.

Mzee alikuwa ameshavua aproni, anafuta visu vyake kimoja kimoja. Neno lile amelingoja tangu asubuhi, na sasa limekuja, yeye halitaki tena. Akabeba mfuko wake, akatokea geti la nyuma.