Kuku wa Mama Mkwe na Dawa ya Manjano

Nilipoolewa kijijini Aroi nilikuta ng'ombe ni wa baba mkwe, mbuzi ni wa baba mkwe, na shamba la mihogo, ambalo mama mkwe ndiye aliyelilima miaka nenda miaka rudi, nalo lilikuwa la baba mkwe. Kwa hiyo siku mume wangu, karani wa ghala la tumbaku mjini Arua, aliporudi kutoka Kampala na boksi lenye matundu, vifaranga wa kizungu wakilia ndani, akalitua miguuni pa mama yake na kumwambia ni wake peke yake, yule mwanamke aliketi chini palepale. Akacheka mpaka kitambaa kikamdondoka kichwani. Alikuwa na mvi tayari, na hicho kilikuwa kitu cha kwanza cha uhai alichopewa kiwe chake.

Mimi ni wa Koboko. Kikakwa changu hakikumfaa kitu, na Kilugbara chake kilinitoa jasho miaka miwili mizima, basi tuliongea Kiswahili cha sokoni, kile cha iko-iko. Hakuna lugha tamu kuliko hiyo ya kugombana na mama mkwe. Kila mmoja ana maneno machache, hakuna anayeweza kumtukana mwenzake vizuri, mwishowe mnacheka.

Vifaranga walipougua mara ya kwanza, tulikimbilia sokoni Arua kwa mama mmoja Mkongo. Miaka ile maduka mengi mjini yalikuwa na rafu tupu, lakini yeye hakukosa kitu. Alituuzia kopo la unga wa manjano, chungu kama nini. "Hii dawa iko na nguvu, mama," alisema. "Mutu mwenye kuku akikosa hii, atalia." Tukauweka kwenye maji ya kunywa, na siku ya tatu vifaranga wakaamka wote wakidonoana. Mama mkwe alicheza pale uani peke yake, bila ngoma.

Tangu siku hiyo ikawa desturi: kila asubuhi kijiko kimoja cha dawa ndani ya maji ya kuku, wagonjwa wawepo wasiwepo. Mkorogaji nilikuwa mimi. Nilikoroga kwa mikogo, nikijiona daktari, na majirani walikuja kututazama. Kuku walikua weupe kama mashati ya Jumapili, wakataga mayai makubwa, na mama mkwe akaanza kutembea kijijini kwa mwendo mwingine kabisa. Aliyemwomba yai alipewa mawili. Nilimpenda sana mwaka ule, nakiri.

Kisha kuku mmoja akashusha mabawa. Upanga wake wa kichwani ukapauka, akawa anahara kijani, na siku ya pili akafa. Akafuata mwingine. Tukaongeza vijiko vikawa viwili, halafu vitatu, maji yakawa manjano kama supu. Wakaendelea kufa. Mama mkwe alinishika mkono tukaenda hadi sokoni, akamwambia yule Mkongo mbele ya watu kwamba anauza unga wa mihogo. Mkongo hakubishana. Alichota unga wake kwa kidole, akaulamba, akakunja uso wote, akamsogezea kopo mama mkwe naye alambe. Mama mkwe akalamba. Tulirudi nyumbani akitema mate njia nzima, nami nikicheka nyuma yake kwa kujificha.

Basi akafanya kile ambacho kila mtu wa kwetu angefanya. Ugonjwa ukiingia zizini, mifugo hutawanywa kwa ndugu, ili balaa likimaliza boma moja, mbegu ibaki kwingine. Mababu waliokoa ng'ombe wengi hivyo. Aliwachagua kuku waliokuwa bado wanasimama vizuri, akawapeleka watatu Manibe kwa wifi yake, wawili Ombaci kwa rafiki yake wa kanisani, na wanne nikawapeleka mimi mwenyewe Koboko kwa mama yangu mzazi. Kila aliyepewa alifungiwa pia kipakiti cha dawa ya manjano. Tulijipongeza kwa akili zetu.

Ndipo akaja bwana wa mifugo kutoka Arua, kwa baiskeli, mtu mwembamba mwenye subira ya kuudhi. Alikuwa na dawa ileile, kutoka ofisini kwake, kwenye kopo lililofungwa. Akawapa kuku wetu siku tatu kwa kipimo chake mwenyewe. Wakafa vilevile. Akampasua mmoja kwa wembe, akalitazama ini, kisha akamgeukia mama mkwe.

"Mama, hii dawa ulikuwa napatia kuku lini?"

"Kila siku."

"Hata zile ziko mzima?"

"Hata zile. Ndiyo maana ilikuwa mzima!"

Akatueleza polepole, na mimi ndiye niliyeona aibu kwanza. Vijidudu dhaifu vilikufa siku za mwanzo. Vichache ambavyo dawa haikuviweza vilibaki, vikazaliana, na kila asubuhi sisi tuliviondolea washindani kwa kijiko chetu. Sasa vilikuwa kwenye udongo wa banda, kwenye mavi, kwenye vyombo vya maji. "Sasa iko nakunywa dawa yako kama chai," alisema. Wahenga walisema sikio la kufa halisikii dawa. Masikio ya vijidudu vyetu yalikataa kusikia, na wala hayakufa.

Kisha akauliza kama kuna kuku waliotoka hapa kwenda kwa watu. Tukatazamana.

Mama mkwe alivaa gauni lake la kanisani, akaenda Manibe kwa miguu, kesho yake Ombaci, kuwaambia watu kwamba zawadi yake ilikuwa ugonjwa. Koboko tulikwenda pamoja, juu ya lori la tumbaku. Kwa mama yangu kuku wetu wanne walikuwa wamekufa, na wa kwake wa kienyeji walikuwa wameanza. Mtu mzima kumwomba radhi mkwe mwenziwe si jambo dogo kwetu. Alipiga magoti. Mama yangu akamwinua kwa kwapa kabla magoti hayajagusa chini vizuri, akasema, "Wewe ulileta kuku. Ugonjwa ilikuja yenyewe." Wakalia kidogo, wakanywa chai, wakanisema mimi mpaka lori lilipopiga honi.

Nyumbani walibaki kuku tisa, wazima kwa macho. Bwana wa mifugo alisema hao wanabeba ugonjwa bila kuugua na watawapa vifaranga wowote watakaokuja. Tuache dawa kabisa, wiki mbili zikipita, dawa iwe imewatoka mwilini, tuwachinje wote, nyama iive hasa, tukwangue udongo wa banda, tupake chokaa, tuliache tupu msimu mzima. Mama mkwe alikataa. Wiki ya pili ikapita, ya tatu ikapita. Nilimkuta amekaa nao bandani, anawahesabu kwa kuwagusa, nami nilijua hao si kuku tu. Wakiisha, angerudi kuwa mwanamke asiye na kitu.

Jumamosi moja akawakamata mwenyewe, mmoja mmoja, akamkabidhi mwanawe na kisu.

Lisilobudi hutendwa. Tuliwapika siku hiyo kwa karanga, na harufu ikawaita majirani bila kualikwa. Sasa, msioijua miaka ile mjue kwamba wanawake wa kwetu hawakula kuku. Tuliwafuga, tukawanyonyoa, tukawapika, tukawaandalia wanaume, na firigisi ilikuwa ya mwenye nyumba. Nilitenga bakuli mbele ya baba mkwe. Mama mkwe akatoka jikoni akijifuta mikono, akaketi mkekani miongoni mwa wanaume, akaingiza vidole bakulini, akaitoa firigisi.

Akanitazama mimi, akasema kwa Kiswahili chetu cha sokoni ili nisikose neno hata moja: "Kuku ilikuwa yangu. Ugonjwa ilikuwa yangu. Aibu ya kuzunguka kwa watu ilikuwa yangu. Firigisi iko ya nani?"

Baba mkwe alifikiri. Kisha akamsogezea chumvi.

Akatafuna, akafumba macho, akatafuna tena. Nilicheka mpaka nikashika nguzo ya jiko. Alipofumbua macho alimgeukia mumewe, akamuuliza kwa Kilugbara, na nashukuru kwamba kufikia siku hiyo nilikuwa nimekielewa vya kutosha: "Yaani mmekuwa mkila hii miaka yote?"