Gari Lililopigiwa Vigelegele

Kila babu alipopiga honi, wanawake wa Majengo walipiga vigelegele.

Si utani, jameni. Mwaka 1957 babu yangu Muhidin, fundi viatu, alinunua gari lake la kwanza. La kijani. Anakata kona na kanzu yake, anajiona, anapiga honi watoto wapishe, mara huko vibarazani vigelegele! Mama mmoja hata akamwuliza, "Bi harusi wa leo ni nani?"

Siku ya kwanza alicheka. Siku ya nne alikuwa anachemka kwa hasira.

"Hamidi ameniuzia gari ya kukodishwa harusini," alimwambia nyanya Fatu.

Hamidi alikuwa dalali. Alimwapia babu kwamba gari lilikuwa la daktari mmoja mzungu, la kwendea kanisani Jumapili basi. Babu hakutaka gari lililochoshwa na kila dereva. Wakapatana mbele ya watu: babu akileta ushahidi kwamba lilikuwa la kukodishwa, kabla ya swala ya Ijumaa, Hamidi atachukua gari lake na kurudisha pesa zote.

Pesa zenyewe zilikuwa jasho la miaka ya kushona viatu. Babu hali, halali.

"Hiyo honi naijua," nyanya akasema.

"Umeijulia wapi?"

"Siku ya harusi yetu."

"Siku hiyo ulifunikwa gubigubi, hukuona hata mlango. Niache, Fatu!"

Kweli alifunikwa, kama bi harusi yeyote wa Majengo wakati ule. Lilikodiwa gari jeusi, na nyuma alikaa na Muhiba, dada yake babu. Waliposhuka, sikio moja la nyanya halikuwa na kipuli. Kipuli cha dhahabu, cha marehemu mama yao babu na Muhiba. Babu akamwambia dada yake mbele ya wageni, "Ni wewe tu uliyekaa naye."

Muhiba aliishi nyumba ya tatu kutoka kwao. Miaka sita hakukanyaga mlango wao.

Alhamisi babu alipeleka gari kwa Phares, fundi wa Industrial Area.

"Pedali zimelika," Phares akasema. "Lakini hata daktari ana miguu." Akakwaruza mlango kwa ukucha. Chini ya kijani palikuwa na rangi nyeusi. "Na rangi si ushahidi, bwana. Mtu hupaka gari yake atakavyo."

Babu akamwendea Hamidi na habari ya vigelegele.

"Muhidin, wanawake wa Majengo wanapigia vigelegele hata mkokoteni!"

Watu wakaangua kicheko. Babu alirudi nyumbani na ghadhabu zake.

Ijumaa asubuhi aling'oa kiti cha nyuma, akimlaani daktari, Hamidi na Phares kwa zamu.

Chini yake kulikuwa na mchele. Asumini zilizokauka. Senti kumi yenye tundu. Na pembeni mwa kiti, madoa ya hina. Daktari gani huyo wa kwenda kanisani na hina?

"Fatu! Nimemshika! Leo Hamidi atanitambua!"

Nyanya akaja, akapitisha vidole kwenye ule mchele. Akaokota kitu kidogo, akakipangusa kwa kanga, halafu akakaa pale pale vumbini.

Kipuli.

Adhana ilikuwa karibu, na Hamidi alimngoja babu msikitini pamoja na mashahidi. Angewahi. Akarudisha kiti, akawasha gari, akaendesha nyumba tatu tu.

Akapiga honi. Vigelegele vikaitika, na Muhiba akachungulia.

Babu alimnyooshea kipuli, machozi yakimtiririka. "Nisamehe, dada yangu."

Muhiba alikitazama. "Miaka sita, Muhidin."

Akaingia ndani. Babu akadhani ndiyo basi. Kumbe alifuata buibui lake.

"Nipeleke makaburini Kariokor," akasema. "Nataka mama aambiwe."

Babu akakimbia kumfungulia mlango wa nyuma.

"Nyuma sikai tena," Muhiba akasema. "Nisije nikaambiwa nimeiba na kiti."

Akakaa mbele.

Siku ya ahadi ikapita. Hamidi hakurudisha hata senti, na babu aliliendesha gari lile mpaka likafa mikononi mwake. Nyanya ndiye aliyenisimulia, akiwa na vipuli vyote viwili masikioni.

Basi ukinunua gari lililotumika, inua kiti cha nyuma kabla hujalipa. Na ukipotelewa na kitu, inua kiti hicho kwanza, kabla hujamtaja dada yako.