Aliyetanguliza Miguu

Nerania alikuwa mkunga wa mji wa Praeneste kwa miaka arobaini, na hakuwahi kudanganya kuhusu namna mtoto alivyotoka tumboni. Enzi hizo jina lilibeba habari. Mtoto aliyetanguliza miguu aliitwa Agrippa, na mji mzima ukajua alivyofika duniani. Siku hizi wenye vyeo wanambandika jina hilo mtoto yeyote, eti lina sauti nzuri. Ukiwauliza maana yake wanakutumbulia macho.

Mke wa Orbius mfinyanzi alikuwa kwenye kiti cha uzazi tangu alfajiri. Nerania alipapasa, akakuta kisigino.

"Vettia, usisukume."

"Siwezi kuacha!"

"Basi nitukane, lakini usisukume."

Vettia akamtukana yeye, mama yake, na Orbius zaidi. Nerania akaupata mguu wa pili, akashusha mikono ya mtoto mmoja mmoja, akamtia kidole mdomoni kumwinamisha kidevu. Kichwa kikatoka. Mtoto alikuwa kimya. Akamsugua, akampuliza, hadi akalia.

Akamlaza sakafuni, kama ilivyotakiwa. Baba akimwinua, ni mwanawe. Asipomwinua, anapelekwa kuachwa nje ya lango la mji.

Orbius akaingia na udongo hadi viwikoni. "Kichwa au miguu?"

Vettia alimkazia mkunga macho: sema kichwa.

"Miguu," Nerania akajibu.

Orbius akarudi nyuma. "Miguu mbele ndivyo tunavyotoa maiti! Umeniletea mkosi, mama. Mtoe."

"Nani alikufundisha kufinyanga?"

"Usinizungushe."

"Nimekuuliza."

"Mzee Agrippa. Kwani hujui?"

"Unadhani jina lile aliliokota sokoni? Mama yangu ndiye aliyemvuta miguu. Na mzee huyo alikulisha miaka saba, akakuozesha. Mkosi gani alikuletea? Nitajie mmoja tu."

Sauti ya mtoto ilianza kufifia. Vettia akateremka kitini, akatambaa, Nerania akamshika bega. Mama akimwinua haikuhesabiwa; ilikuwa lazima baba.

"Mzee alikuwa na hasira mbaya," Orbius alisema hatimaye.

"Alikuwa nayo. Na wewe bado unachomea vyungu kwenye tanuru lake."

Orbius akapiga goti, akamwinua mtoto, akampaka udongo mgongo mzima.

"Siku ya tisa, tukimpa jina, nitamwita Agrippa," akasema. "Atakayecheka aje anichekee usoni."

"Mpe mama yake," Nerania akamwambia. "Mtoto anapigwa na baridi."