Mikono ya Kuminya Hewa

Usiku ule nililala kwenye baraza ya hospitali ya wilaya, begi langu likiwa mto. Asubuhi mdogo wangu Saada alikuwa apasuliwe uvimbe wa tumboni ulioanza kuvuja damu. Kumpeleka mkoani haikuwezekana. Daktari alisema hatafika.

Usingizi uliponipitia, nikamwona Hamisi anakuja koridoni. Hamisi tulizunguka naye machimboni tangu nilipoacha shule. Alikuwa na lile gauni la kijani walilomvika hapa hapa alipoingia kupasuliwa ngiri, asitoke mzima.

"Bado unachokonoa vitu vya watu?" akaniuliza, akicheka.

Kweli, nilikuwa nimeshikilia ile mashine ya nusu kaputi iliyoletwa kwa msaada. Inataka mitungi ya oksijeni ambayo hospitali haina, basi imesukumwa ukutani na wauguzi wanaanikia glovu juu yake. Ndotoni nimeifungua. Ndani kuna mchanga. Nauchota, nauchota, na sasa tumo shimoni mimi na Hamisi, na juu yetu inawaka taa ya chumba cha upasuaji.

Taa inazimika. Hamisi amelala kitandani. Gizani nasikia mtu anaminya mfuko wa mpira, ule wa kumsukumia mgonjwa hewa kwa mkono umeme ukikatika. Puh. Puh. Halafu polepole. Halafu nasikia mwanamke analia.

"Usimlaumu yule dada wa dawa ya usingizi," Hamisi akasema. "Aliminya mpaka vidole vikakakamaa. Daktari mikono yake ilikuwa ndani yangu. Hakukuwa na mtu wa kumpokea."

"Na Saada?"

"Dada ni yule yule. Bado yuko peke yake." Akanishika kiganja. Mkono wake ulikuwa na joto kuliko wangu. "Wewe una mikono, mzururaji. Mpokee."

Niliamka nimekunja ngumi, kumekucha, na kitanda cha Saada kinasukumwa kuelekea chumba cha upasuaji.

"Kaka, mbona uso umekusinyaa hivyo?" Saada akanitania, midomo mikavu. "Anayepasuliwa ni mimi."

Nilimkimbilia yule dada wa usingizi, nikamzuia mlangoni.

"Dada, umeme ukikatika niite. Nifundishe sasa hivi kuminya ule mfuko, nitakupokea ukichoka. Nakuomba."

Nilidhani atanifukuza. Alimtazama Saada, akanitazama mimi, kisha akanisogelea ili mgonjwa asisikie.

"Mfuko wenyewe ulipasuka juzi, kaka. Tumeagiza. Leo tunaomba tu umeme usikatike."

Akaingia, akarudishia mlango taratibu.