Kipande cha Kushika Fasi

Nilikuwa nafundisha watu wazima wa kambi ya wakimbizi ya Nakivale, Uganda, kuamuru kibao kidogo cha umeme. Ni kidogo kama kiberiti, lakini ukikiambia jambo kupitia kompyuta kinawasha taa au kinapiga kengele. Shida ilikuwa maandishi. Amri zote ni za Kiingereza, na sisi tuliotoka Kivu ya Kusini, Kongo, Kiingereza chetu kinaishia sokoni. Basi nikatengeneza programu yangu ya picha: taa, saa ya kungoja, kipimajoto. Kila picha ni kipande chenye amri yake; unavuta vipande, unavipanga kimoja chini ya kingine, kazi imekwisha.

Kompyuta zilikuwa tatu, kuukuu, za kuazima. Mwenyewe alikuwa Hajji mmoja wa Nyamityobora, Mbarara, muuza vifaa vya umeme. Watu wakamjaza maneno kwamba tunaangalizia filamu. Akanipigia simu.

"Mwalimu, Jumamosi nakuja na pikapu. Kama wanafunzi wanawasha taa na wewe hujagusa kitu, mashine zinabaki. Kama haiwaki, napakia."

 Bila zile mashine, darasa ndiyo basi tena.

Na programu yenyewe ilikuwa inanitia aibu. Kila nikigeuka nakuta kioo chekundu, imegoma. Watu walikuwa wanaacha vipande vitupu katikati ya kazi. Mimi hasira zangu ziko karibu, nikafoka: nani anaweka vitu visivyo na amri?

Mama mmoja muuza dagaa, ambaye mdomo wake haujui likizo, akanijibu bila hata kugeuka.

"Mwalimu, tuko batatu kwa mashine moja. Mwenzetu ameenda kulima. Tumemuwekea fasi yake, asikute tumeijaza. Wewe, bido yako iko wapi saa hii?"

Darasa zima likacheka. Bido, yaani dumu langu la maji, lilikuwa kwenye foleni ya bomba, halina hata tone, linanishikia zamu, na hakuna ambaye angethubutu kulisogeza. Nikacheka na mimi, ningefanya nini?

Wiki ile nikaibomoa programu na kuijenga upya. Kipande kitupu nikakihalalisha: kinashika fasi, yaani nafasi ya mtu, kinakaa kimya, kazi inakiruka na kuendelea, mwenye zamu akifika anakijaza.

Jumamosi Hajji akafika, pikapu imeshageuzwa, nyuma ikitazama mlango. Kazi ilikuwa sanduku la vifaranga: joto likishuka, taa iwake. Mimi nikasimama ukutani, mikono mgongoni. Yule mama na mwenzake wakapanga vipande. Wa tatu wao hakuwepo, na katikati wakaacha kitupu.  Mama akabonyeza, akasogeza chupa ya maji baridi karibu na kipimajoto. Tukangoja. Taa ikawaka.

Hajji akasogea. Akainamia kioo.

"Hiki hakina kitu. Cha nini?"

"Ni fasi ya mwenzetu, Hajji. Yuko hospitali, alizaa jana. Atakuja kuweka kengele," mama akamjibu.

Hajji akanyoosha mgongo, akatafuta funguo za gari mfukoni.

"Basi siwezi kupakia," akasema. "Kuna mtu anakuja."

Furaha ilinishika hadi nikashindwa kumshukuru vizuri. Baada ya majuma machache mwenzao akaja, mtoto mgongoni, hata salamu hakuzimaliza. Akavuta kiti, akatafuta kipande chake. Hakuna aliyekigusa. Akaweka kengele.