Jibini ya Kikapuni

Eufrazia alizaliwa Ndanda, akaja Dar es Salaam na mumewe muda mfupi baada ya Uhuru, wakapanga chumba Temeke. Mume alichonga vinyago. Yeye alipata kazi Upanga, kwa familia moja ya Wagiriki, akimsaidia mpishi mkuu aliyeitwa Leodegar. Mama mwenye nyumba, Bibi Kaliope, ndiye aliyemfundisha kuoka mkate bapa wa kwao: duara la unga wa ngano, likapakwa mafuta, juu yake nyanya, vitunguu, zeituni nyeusi na jibini nyeupe yenye chumvi. Siku hizi tungeuita piza. Pale jikoni uliitwa mkate tu, na kwa miaka minne mikono iliyoukanda ilikuwa ya Eufrazia. Aliyeupeleka mezani na kupokea sifa, kofia nyeupe kichwani, alikuwa Leodegar.

Jibini ilikuja kwa meli, kwenye mabati. Mwaka wa sitini na saba ikaanza kupungua. Leodegar ndiye aliyekuwa akiitorosha, na Bibi Kaliope alipoanza kuuliza maswali, akatafuta wa kumtwisha. Adhuhuri moja alimsimamisha Eufrazia getini, mbele ya mayaya na watunza bustani wa nyumba za jirani, akakipindua kikapu chake chini. Kutoka ndani ya khanga iliyokuwemo likadondoka pande la jibini.

Eufrazia aliapa kwa kaburi la mama yake. Hakuna aliyemsikiliza. Aliondoka bila barua ya sifa, na bila barua hiyo hakuna jiko la mjini lililomtaka. Akawa anauza vitumbua Temeke, na habari zikamfuata huko huko. Wakampachika jina la Mama Jibini. Alikuwa akiitika kwa tabasamu, lakini moyoni alikuwa akimvua Leodegar ile kofia, kila siku, kwa namna tofauti.

Ikapita miaka. Serikali ilipotaifisha majumba, akina Bibi Kaliope wakafungasha wakarudi kwao, na Leodegar akabaki bila kazi. Januari ya mwaka wa sabini na mbili, Mauwa, shoga yake Eufrazia kutoka Lindi, alikuja mbio mchana wa Alhamisi. Zamani Mauwa alikuwa akifua nguo katika nyumba ile ile ya Upanga. Sasa alifagia kiwandani Chang'ombe.

"Shoga, bwalo letu linatafuta mpishi mkuu. Kamati ya wafanyakazi inawapima watu Jumamosi. Unajua nani kajiandikisha wa kwanza? Leodegar."

"Atapika nini?"

"Mkate wa Kigiriki. Anasema aliubuni yeye."

Eufrazia aliuweka upawa chini taratibu. "Kaniandikishe na mie."

Siku ile ile alinunua maziwa ya mbuzi, akayagandisha kwa ndimu, akayachuja kwenye kitambaa na kuyakandamiza kwa jiwe, kisha akayatia maji ya chumvi. Zeituni hakuwa nazo, ila alikuwa na zambarau mbichi alizoziloweka kwenye chumvi tangu Desemba. Jumamosi alfajiri Mauwa akaja kumsaidia. Eufrazia alikanda unga kwa nguvu za mtu anayepigana. Aliuinua, akaubwaga, akaukunja, akausukuma kwa viganja. Mauwa alikuwa akikata vitunguu.

"Leo akili itamrudi," alisema Eufrazia. "Nataka auone mkate wangu mbele za watu, halafu akose pa kutazama."

 Kisu cha Mauwa kilikuwa kimesimama.

"Una nini?"

"Mie nilimwona."

"Ulimwona nani?"

"Leodegar. Siku ile. Nilikuwa naanika mashuka, nikamwona anaitia jibini kwenye kikapu chako. Akaniambia nikisema, na mie naondoka. Mama alikuwa mgonjwa kule Lindi, shoga. Nikaogopa."

Eufrazia aliutazama unga. Miaka mitano huyu mwanamke alikuwa akija kwake, wanakula pamoja, analisikia lile jina la Mama Jibini likiitwa uchochoroni, na ananyamaza. Alitamani kumpiga na beseni. Badala yake alifunika unga kwa kitambaa ili uumuke, akanawa mikono.

"Utakuja na mie kiwandani," alisema, "na utayasema hayo mbele ya kamati. Yote. Usiposema, nitakutaja mie mwenyewe, halafu usinijue tena."

"Eufrazia..."

"Kata vitunguu."

Mauwa akakishika tena kisu. Unga ulipoumuka waliutandaza kwa vidole, wakaupaka mafuta, wakapanga nyanya, vitunguu na zambarau, wakamomonyoa jibini na kunyunyiza kivumbasi kikavu. Sufuria ikakaa juu ya jiko, makaa mengine yakapangwa juu ya mfuniko. Mikate ilitoka imeiva kingo, jibini imeshika wekundu. Harufu yake iliwatoa majirani nje.

Bwaloni, Leodegar alikuwa amekwisha kuoka kwenye oveni ya kiwanda. Kofia ile ile kichwani. Mkate wake ulikuwa mgumu kama kigae, maana hakuwahi kuukanda maishani mwake, lakini alikuwa na bati la jibini lenye maandishi ya Kigiriki, na aliliinua juu watu walione.

"Hii ndiyo halisi, Ndugu Mwenyekiti. Nilipewa na Bibi mwenyewe wakati wa kuondoka."

Mwenyekiti wa kamati, fundi mitambo aliyeitwa Sadallah, alitafuna kipande chake kwa muda mrefu. Kisha akaonja cha Eufrazia, akachukua cha pili. Wafanyakazi wakacheka. Kazi ilikuwa imekwisha kupata mwenyewe, na mtu mwingine angeridhika hapo. Eufrazia alimgeukia Mauwa, akamkazia macho.

Mauwa, aliyekwisha kuanza zamu yake, alisimama, ufagio mkononi.

"Hilo la leo ulipewa, Mzee Leodegar," alisema. "Na lile pande la mwaka wa sitini na saba, ulilolitia kwenye kikapu cha huyu mama, nalo ulipewa?"

Akaeleza yote.  Sadallah akauliza, "Ndugu, ni kweli?"

"Mambo ya zamani hayo!" Leodegar alifoka. "Ya zamani yanahusu nini hapa?"

Kwa jibu hilo akawa amejimaliza mwenyewe. Eufrazia alikwenda mezani, akakichukua kikapu cha Leodegar, akakipindua kwenye sakafu. Vikatawanyika visu, miwani, taulo na bahasha. Leodegar alipiga magoti kuokota, kofia ikamwanguka. Eufrazia aliwahi bahasha. Ilikuwa barua ya sifa ya Bibi Kaliope. Akaomba Sadallah aisome kwa sauti. Iliusifu mkate, na mikono iliyoukanda.

"Basi hii ni yangu," alisema Eufrazia, akaifunga kwenye pindo la khanga. Hakuna aliyemzuia.

Kazi alipata. Leodegar alimfuata mara tatu kuomba barua yake, maana naye sasa hakuna aliyemtaka. Mara ya tatu alikuja Temeke jua likiwaka, kofia hana, akasema, "Nisamehe, mama. Nina watoto."

Eufrazia alimkaribisha kitini, akampa mkate wa moto na maji ya kunywa. Alimwangalia akila mpaka akamaliza.

"Umeshiba?"

"Nimeshiba, asante."

"Haya, nenda. Barua sitoi."

Baadaye alisikia kwamba Leodegar amerudi kwao Bukoba. Alingoja ajisikie vibaya, hakujisikia. Mumewe alimwambia amekuwa na roho ngumu. Akamjibu kwamba hakuzaliwa nayo.

Kuhusu Mauwa, waliendelea kufanya kazi chini ya paa moja kwa miaka mingi, huyu jikoni, yule na ufagio. Walisalimiana kila asubuhi, wakaulizana habari za nyumbani. Mama yake Mauwa alipofariki, Eufrazia alikwenda msibani akapika siku zote tatu. Lakini chumbani kwake hakumkaribisha tena, na Mauwa hakuwahi kumuuliza kwa nini.