Mradi Uliokufa kwa Kuzinduliwa

Ndugu wananchi wa jiji la Arusha, mabibi na mabwana, itifaki imezingatiwa. Inatangazwa kwamba Bi. Fransiska, mkazi wa Kijenge, ametunukiwa cheti cha shukrani kwa mchango wake uliotukuka katika kuwalisha watoto wa shule ya msingi matunda na mboga mbichi. Cheti kina mhuri, kina saini mbili, na kingo zake zimezungushiwa maua ya rangi ya dhahabu. Mradi wenyewe haupo tena, ila tusiharibu sherehe kwa vitu vidogo.

Fransiska alizaliwa Kibosho, kwenye familia ya Kikatoliki ambayo Jumapili huenda kanisani na siku nyingine zote huenda shambani. Alisomea lishe, akapata diploma, akaja Arusha kutafuta watu wanaokula vibaya. Hakutafuta sana. Shirika moja dogo lilimpa fedha za muhula mmoja ajaribu kitu katika shule moja kule Sokon One: kila mtoto apate tunda au mboga kila siku ya masomo, mapumziko ya saa nne. Akifanikiwa, mradi ungeendelea na kupanuka hadi shule za Sekei na Kijenge. Asipofanikiwa, asante kwa kushiriki.

Mtu wa mbali angeshangaa. Mlima Meru umekaa pale juu, unaotesha parachichi, karoti na ndizi mpaka malori yanalemewa. Malori hayo huteremka, yanapita mbele ya shule, yanakwenda zake. Watoto wanayapungia mikono huku wanalamba barafu za rangi zinazoacha ulimi wa kijani.

Wiki ya kwanza watoto walirushiana karoti. Mwalimu wa zamu alipigwa tango la kisogo, na mpigaji hajapatikana hadi leo. Fransiska hakununa. Alianza kukata karoti nyembambanyembamba, ndefu, akazikamulia ndimu, akanyunyiza chumvi na pilipili kidogo, kama wanavyofanya wauza maembe mabichi wa stendi. Watoto wakaziita "chipsi kavu". Kabla mwezi haujaisha walikuwa wanapanga foleni na vikombe vyao hata kengele haijalia. Papai lilipofuata halikuhitaji hata pilipili.

Aliyeumia ni Tunu, mama wa Kitanga aliyekuwa anauza ubuyu, kashata na karanga getini.

"Mama Karoti!" alimwita kila asubuhi. "Leo umewaletea nini sungura wako?"

"Papai, dada Tunu. Karibu uonje."

"Nionje niwe nani? Mimi biashara imenifia, bado unataka na tumbo linifuate?"

Lakini alikuwa anaonja. Siku za tikiti maji alionja mara mbili.

Muhula ulikuwa unaelekea ukingoni shirika lilipopiga simu kwa mwalimu mkuu, Mwalimu Elihuruma. Taarifa ni nzuri, walisema, watoto wanakula, mahudhurio yamepanda. Ila kuna kasoro moja: katika picha zote, hakuna ya uzinduzi. Mradi usiozinduliwa hawawezi kuuongezea fedha.

Mwalimu Elihuruma ni mwema, hana ubaya na mtu, ila neno "rasmi" likitajwa husimama wima. Alimwita Fransiska ofisini, uso umemshuka kama wa mfiwa.

"Mama, miezi yote hii tumekuwa tunakula kienyeji."

Basi ukapangwa uzinduzi. Mgeni rasmi alikuwa Mheshimiwa Ludovick, ambaye cheo chake ni kirefu kiasi kwamba emsii alikigawa mara mbili apumue. Angefika saa tatu kamili. Wazazi walikuja tangu alfajiri kukata mapapai, wakayapanga kwenye masinia, wakayafunika nailoni, wakazungusha utepe mwekundu kwenye meza. Kulikuwa na hema moja tu la kukodi, na hilo lilikuwa la meza kuu, yaani la viti vya wageni ambao hawajafika. Matunda yalikaa juani. Watoto nao walikaa juani, wakirudia ngonjera ya karoti.

Saa nne kengele ililia. Watoto wakashika vikombe kwa mazoea. Wakaambiwa warudishe.

Fransiska alimvuta mwalimu mkuu pembeni. "Mwalimu, waache wale. Mgeni tutamkatia mengine."

"Unataka mheshimiwa azindue masalia?"

"Basi niyaingize chini ya hema."

"Mbele ya viti vya meza kuu? Atapita wapi?"

"Mwalimu, papai halijui itifaki. Linachacha."

"Litasubiri, Mama. Mbona sisi wote tunasubiri?"

Simu ikapigwa. Mheshimiwa yuko njiani. Ikapigwa tena. Mheshimiwa bado yuko njiani, alikuwa anamalizia kuzindua choo Sekei. Nailoni ikaanza kutoka jasho kwa ndani. Nzi, ambao hawakualikwa, ndio pekee waliowahi.

Aliingia saa saba imepita, na msafara. Alihutubia kwa kirefu kuhusu faida za kula matunda mapema. Alikata utepe. Ndipo emsii, aliyezoea harusi na kipaimara, akaona shughuli imepooza bila kulishana. "Mheshimiwa atamlisha mtoto wetu kwa niaba ya watoto wote! Makofi tafadhali!"

Akasogezwa Sia wa darasa la pili, kwa kuwa alivaa soksi safi. Mheshimiwa alichoma kipande kikubwa kwa kijiti, akageukia kamera, akatabasamu, akampelekea mtoto mdomoni.

Mwanzo wa muhula Sia asingejua papai zuri ni lipi na bovu ni lipi. Sasa alijua. Hapo ndipo mafanikio ya mradi yalipoonekana wazi mbele ya umma: mtoto alitafuna mara moja, akakunja uso, akatema kwenye tai ya mgeni rasmi.

Kamera ilipiga.

"Huyu anataka soda!" Mheshimiwa alisema kwa ucheshi, na watu wakacheka kwa nguvu kuliko utani wenyewe. Wageni wakaenda ofisini kula kuku. Watoto waliona yaliyompata mwenzao, wakafunga midomo. Masinia yote yalimwagiwa ng'ombe wa jirani.

Shirika lilijibu baada ya wiki mbili. Tathmini ilikuwa imeonyesha kwamba watoto wa eneo hilo hawapendi matunda, na fedha zingepelekwa kwenye semina za kuhamasisha watoto kupenda matunda. Fransiska alipiga simu.

"Wanapenda! Lile papai lilikaa juani!"

"Dada, tumeiona picha."

Alipiga tena, akapokea mwingine. Naye alikuwa ameiona picha.

Siku chache alileta ndizi kwa pesa yake. Mwalimu Elihuruma akamfuata huku anatazama chini. "Mama, mradi umefungwa rasmi. Mtoto akiumwa tumbo sasa hivi, atakuwa ameumwa nje ya mradi. Nani atasaini?"

Hakuna aliyekuwa tayari kusaini tumbo.

Siku hizi Fransiska anakaa getini. Tunu alimpa nusu ya meza kwa sharti moja: karoti asilete, pale ni mahali pa biashara. Anauza karanga, anazifungia kwenye kurasa za madaftari ya zamani. Mwanzoni watoto walikuwa wanapita wanamwamkia, "Shikamoo Mama Karoti," wanauliza chipsi kavu zinarudi lini. Wamekwishaacha kuuliza. Sia hununua ubuyu kwa Tunu, na ulimi wake mwekundu kama wa wenzake.

Juzi Mwalimu Elihuruma alikuja pale getini mwenyewe, amepakata cheti kwa mikono miwili kama mtoto wa ubatizo. Akakisoma chote kwa sauti, pamoja na "uliotukuka". Tunu akapiga kigelegele kimoja kirefu cha kejeli. Mwalimu akafuta jasho.

"Sema chochote, Mama. Neno la shukrani tu."

Fransiska alikipokea, akakikunja pembe moja. Pembe ikarudi ilivyokuwa.

"Karatasi ngumu hii, Mwalimu. Haifai kufungia karanga."